Mishale Iliyopakwa Rangi na Baba

Bonde la Onon, 21 Mei 1994

Kaka Jigmed,

Kuna sauti moja haijanitoka kichwani tangu juzi, ndiyo maana naanza nayo kabla ya salamu. Ilikuwa ndogo, kama mtu anapoalisha kidole kimoja tu. Ilitoka ndani ya mshale. Baba alikuwa ameusogeza sikioni na kuupinda taratibu, anavyofanya siku zote, na mimi nilikuwa upande wa pili wa jiko nakanda unga. Niliisikia nikiwa kule. Yeye, ambaye mshale ulikuwa unamgusa sikio, alitabasamu, akachovya kidole gumba kwenye kikopo cha rangi nyekundu na kuuzungushia pete yake chini ya manyoya.

"Huu utaishi kuliko mimi," akasema.

Habari za macho yake kila mtu anazo, na watu wamezizoea. Wanasema Mzee Tseveen haoni ila anasikia mti ukifikiri. Sasa masikio nayo yamekwisha, Kaka, na hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe. Mimi ananiambia ninanong'ona. Redio anasema siku hizi wanatangaza watu wavivu.

Alipotoka kuota jua niliuchukua ule mshale. Nilivuta kishungi cha sufu kutoka kwenye manyoya kwenda kwenye ncha, kama alivyotufundisha, na sufu ikanasa karibu na pale uti ulipofungwa kwa kano. Nikakwangua gamba la gundi ya zamani kwa ukucha. Kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, umekatiza nyuzi za mti kwa mshazari. Unajua mshale wa namna hiyo unafanya nini. Upote, kamba ya upinde, unasukuma nyuma kabla mbele haijaondoka, uti unavunjikia juu ya ngumi, na ile nusu ya nyuma inaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha tukiwa wadogo, kwa kijiti na kipande cha nyama ya kondoo. Ulilia, mimi nikakucheka.

Ule ni mshale wa babu yake Sodnom. Sodnom ndiye mwenyekiti wa kamati ya naadam, michezo yetu ya kiangazi, mwaka huu, na kwa kuwa wilaya inatimiza miaka sabini amepata wazo: kila mpigaji apige kwa mishale ya wazee wake. Watu wamefurahi sana. Wanaishusha kutoka kwenye boriti za mahema, juu ya jiko, mahali pa heshima, ambako imeningʼinia kwenye moshi na joto tangu enzi za babu zao. Imekauka kama biskuti. Tumeiheshimu mpaka tumeiua. Halafu wote wanaileta kwa Baba aikague.

Na adabu zetu unazijua. Mshale wenye rangi ya Tseveen unaupokea kwa viganja viwili, unaugusisha kwenye paji la uso, unautia kwenye podo. Huupindi tena. Kuupinda ni kama kunusa chakula ulichopakuliwa na mwenye nyumba. Kwa hiyo hakuna atakayeupinda, mpaka siku ya kuuvuta.

Ule wa babu yake Sodnom nimeuficha kwenye pipa la samadi kavu. Nitasema mbwa kautafuna.

Njoo mwezi wa sita, usisubiri naadam. Wewe ndiye unayeweza kumwambia. Maneno yangu kwake yamekuwa mnong'ono, na mimi nimechoka kuyapandisha sauti.

Mdogo wako,
Dolgor


Ulaanbaatar, 2 Juni 1994

Mdogo wangu msomi,

Mbwa gani huyo? Yule wetu hana jino hata la kutafunia maziwa. Tafuta uongo mwingine kabla Sodnom hajaja kumfungua mdomo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimecheka palipochekesha. Ngoja nikwambie la moyoni. Baba ana nini kilichobaki? Mama hayupo. Farasi hapandi. Kondoo unamhesabia wewe. Kimebaki kile kikopo cha rangi. Ukimwondolea hicho utakuwa umemwacha amekaa tu, akisubiri kupelekwa mlimani kuzikwa.

Fanya hivi. Mwache akague. Akimaliza, kagua wewe nyuma yake kimyakimya, mibovu itoe, mizima uirudishe. Una macho mazuri, una subira, una shahada ya mimea. Nani atajua? Ni mwezi mmoja na kidogo, na ikipita naadam mishale yote inarudi kwenye boriti zake, tumalizane.

Mimi kuja mwezi huu haiwezekani. Karakana imejaa mabasi yasiyo na vipuri, na bosi ananiangalia kama mimi ndiye niliyevunja nchi. Kusema kweli huenda hata naadam nisije. Usimwambie bado.

Karatasi ya pili ndiyo ya kumsomea. Hii itie jikoni iungue.

Kaka yako,
Jigmed

(Karatasi ya pili)

Baba mpendwa, mifugo imetoka salama kwenye majira ya baridi? Mvua imegusa Onon? Sisi ni wazima. Mke wangu Handa anakusalimu, anasema mjini hakuna anayejua kupika chai yenye chumvi ya kutosha. Mkono wangu ulioumizwa na jeki mwaka jana umepona kabisa, nimeshausahau. Mazoezi yanaendelea. Mwanao, Jigmed.


Bonde la Onon, 9 Juni 1994

Jigmed,

Anayesema ni mimi, baba yako, na anayeandika ni dada yako. Nimemwambia aandike kila neno, asinipunguzie kama anavyoipunguza chumvi.

Nimefurahi kuhusu mkono. Fundi mzima wa magari kupigwa na jeki, siku moja kabla ya naadam! Nilicheka wiki nzima. Sodnom hadi leo akimwona mtu anabadilisha gurudumu anauliza, "Jigmed yuko wapi, aje kuonyesha namna ya kujiumiza?" Mwaka huu utamziba mdomo.

Nimekuchagulia mishale. Sikuchukua ya babu yako. Ile ilikuwa ya vita, mizito, haina masihara. Ni ile niliyoitengeneza mwaka uliozaliwa. Mti wa msonobari wa upande wa kivuli, unyoya wa tai, ncha za mfupa. Mama yako alikuwa na mimba yako akanisaidia kuchemsha gundi, akatapika nje ya hema, akarudi, akaendelea. Nimeipinda yote. Nimeisikiliza yote. Imenyamaza kama watoto wenye adabu. Ina rangi yangu.

Dolgor, umeandika hilo la kutapika? Liandike. Ajue.

Hapa watu wanakuja mpaka chai inaisha. Jana wamekuja wa ng'ambo ya mto, watu ambao baba zao walikuwa hawanisalimii. Wamesimama mbele yangu kama mbele ya daktari. Nimewapindia mishale yao, nimewakatalia miwili ili wajue sichezi, wakashukuru. Dada yako ananung'unika kuhusu kuni. Mwambie mtu akiwa mzee asipotembelewa ndipo kuna sababu ya kunung'unika.

Uje mapema. Usije na mabasi yako kichwani.

Baba yako,
Tseveen

Kaka, hapa chini ni mimi. Amelala kidogo baada ya kusema maneno mengi hivyo.

Ile miwili aliyowakatalia watu wa ng'ambo ilikuwa mizima. Umeelewa? Anakataa ovyo na kukubali ovyo, kwa uso uleule. Ile miwili nimewarudishia kwa siri, nikachomoa mmoja mbovu waliokuwa wameshaugusisha kwenye paji la uso. Walidhani naiba.

Ushauri wako nimeufuata. Kila anapolala mchana nakaa sakafuni na mishale ya watu. Nauzungusha kila mmoja juu ya ukucha nione kama unaruka. Navuta sufu. Naupinda, naugeuza robo, naupinda tena, mpaka nimemaliza pande zote. Naangalia mkato wa nyuma, unakokaa upote, kama haujaanza kufunguka. Navuta ncha. Kisha ninaamka, nakamua, nakanda, natafuta ng'ombe aliyepotea, na ninaporudi nakuta wageni wengine na rundo jingine, na yeye yuko katikati anacheka. Nafanya kazi yake yote kwa namna ambayo hawezi kujua kwamba ninaifanya. Hilo la pili ndilo linalonimaliza.

Juzi Sodnom alipokea mishale yake na papo hapo akapanda farasi. Sikuwa nimeigusa. Nilimkimbilia mpaka kilimani nimeshika mfuko wa jibini kavu.

"Umesahau hii, Kaka Sodnom!"

"Sikuja na jibini."

"Ni zawadi. Hebu nishikie podo nikufungie vizuri."

Akaniangalia kutoka juu. "Dolgor, kama unanitaka sema tu, mke wangu ni mwelewa."

Nilicheka ili nipate muda. Vidole vyangu vilikuwa ndani ya podo. Nilipinda mitatu, yote mizima, wa nne sikuufikia, akaondoka. Tangu hapo nawaza ule wa nne.

Na sasa unasema huenda usije. Una mkono uliopona, una mazoezi yanayoendelea, na una mabasi. Mimi nina baba. Sikuwahi kukuuliza nani alituamulia tugawane hivi, lakini leo nakuuliza. Nakuonea hasira, Kaka. Nimeiandika hapa ili isibaki tumboni.

Mishale yako ya msonobari sijaikagua bado. Naogopa.

Dolgor


Ulaanbaatar, 16 Juni 1994

Wifi yangu Dolgor,

Ni Handa. Jigmed hajui ninaandika. Yuko kazini, au yuko mahali anapokaa ili nisimwone akiwa nyumbani.

Nimesoma barua yako ya mwisho kwa sababu aliiacha mezani na kutoka bila kunywa chai. Nimesoma ulivyomkasirikia. Una haki, ila unamkasirikia kwa jambo ambalo si lenyewe, na mimi sitaki uendelee hivyo.

Hakukuwa na jeki yoyote, wifi.

Mwaka jana, siku ile moja kabla ya naadam, alikwenda mtoni kupiga peke yake. Baba alikuwa amempa mshale mmoja wa babu, wenye rangi mbichi. Nilikuwa nachota maji, nikasikia akiniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita asiamshe mtoto. Alikuwa amekaa kwenye mawe ameushika mkono wa kushoto na ule wa kulia. Kipande kimeingilia chini ya kidole gumba na kutokea upande wa pili. Mimi ndiye niliyekitoa. Vijiti vidogovidogo niliendelea kuvitoa hadi tulipofika mjini. Kimoja kilikuwa na ile rangi nyekundu.

Pale pale kwenye mawe aliniambia, "Tutasema jeki." Akanituma nikamwage mafuta machafu ya gari kwenye kitambaa ili ionekane kweli. Mlipokuwa mnamcheka yeye alicheka zaidi ya nyote.

Mkono ule hauwezi kushika birika. Kwenye karakana wamempa kazi ya kuandika namba za mabasi yanayoingia na kutoka. Hafanyi mazoezi, wifi. Atashikaje upinde? Ule upinde uko chini ya kitanda, nimeuzungushia blanketi. Ndiyo maana haji. Akija Baba atampa mishale, na atasemaje?

Sikwambii umwambie Baba. Wala sikwambii usimwambie. Mimi ni mke tu, nimeingia katika ukoo huu nikakuta mnapendana kwa kufichana. Nimechoka kuikanda ile ngumi kwa mafuta ya kondoo kila jioni nikijifanya nakanda kitu kilichopigwa na jeki.

Wifi yako,
Handa


Bonde la Onon, 22 Juni 1994

Kaka,

Najua kuhusu mkono. Usimgombeze Handa.

Kwa hiyo ulijua. Nilipokuandikia mwezi wa tano nikidhani nakupa habari, wewe ulikuwa nayo mkononi. Ukaniambia nimwache akague. Ukaniambia ni mwezi mmoja tu.

Mwaka mzima watu wamepokea mishale yake. Wakati wa mwaka mpya vijana walipiga barafuni, wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo, niliwapigia makofi. Hakuna aliyeumia, na hilo halikutokana na wewe wala na mimi. Ilitokea tu.

Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Kisha nikakumbuka namna ulivyocheka mwaka jana, wakati Sodnom anaigiza jeki ikiruka, na nikashindwa kuendelea na hasira. Hilo limenichosha zaidi. Hasira ilikuwa inanisaidia kuamka.

Nimekagua ile ya msonobari, aliyoitengeneza ulipozaliwa. Ni mizuri kuliko mishale yote niliyoshika mwaka huu. Na minne imepasuka.

Niambie nifanye nini. Nakuuliza kama mkubwa wangu.

Dolgor


Ulaanbaatar, 28 Juni 1994

Dolgor,

Nampa barua hii dereva wa lori la sufu, itafika haraka kuliko posta.

Usimwambie. Ndilo jibu langu, na umeniuliza kama mkubwa wako, basi lishike. Sijutii mkono. Nilipokuwa kwenye yale mawe nilifikiri jambo moja tu: asijue. Amepiga upinde miaka hamsini na hajamuumiza mtu. Ni wangapi wanaweza kusema hivyo? Nataka afe akiwa anaweza kusema hivyo.

Iambie kamati isitishe ile habari ya mishale ya kale. Mwambie Sodnom kuna ugonjwa wa ng'ombe, kuna lolote. Wewe una akili.

Hiyo minne ya msonobari iweke pembeni na uitie jikoni. Akiuliza, mwambie umenitumia.

Jigmed


Bonde la Onon, 5 Julai 1994

Kaka Jigmed,

Barua yako ilifika jana asubuhi. Nimeisoma nikiwa nakamua, nikaikunja, nikaendelea kukamua. Nilikuwa nimeamua kukutii. Nataka ulijue hilo kwanza.

Mchana akaja Sodnom na podo za wapigaji wa upande wa kusini. Baba alikuwa amevaa joho lake la hariri kwa sababu alijua kamati inakuja. Amepokea mshale wa kwanza, ameuzungusha, ameupinda sikioni, amenyamaza kama anavyonyamaza, na akapaka rangi. Sodnom akanyoosha viganja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika sinia la chai. Nilisikia ule mlio mdogo, lakini sikuuhitaji. Niliona kwa macho, mshale ulipopita kwenye mwanga wa tundu la hema, mstari mwembamba kama unywele karibu na ile rangi mbichi.

Niliweka sinia chini. Nikauchukua mshale kutoka kwenye viganja vya Sodnom kabla hajaupeleka usoni, na nikaupinda. Mbele yao. Ukavunjika.

"Wewe Dolgor!" Sodnom akaruka. "Una wazimu? Huo ni wa baba yake Chimid, atanichinja!"

"Nani amevunja mshale?" Baba akauliza.

"Mimi, Baba."

"Umeukanyaga?"

"Nimeupinda."

Aligeuza uso upande niliko. "Nimeshaupinda mimi."

"Najua. Nimeupinda baada yako."

Sodnom akavua kofia. Baba akanyoosha mkono, nikampa vipande viwili. Unajua vidole vyake vilivyo. Alivipitisha pale palipovunjika, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Upande mmoja mti ulikuwa na miiba, ndio niliouvunja mimi. Upande mwingine ulikuwa laini, umesuguliwa na vumbi la miaka. Ufa wa zamani. Nilimwona anaufikia ule ulaini, akasimamisha kidole, akabaki hapo.

"Ulikuwa umekwishapasuka," akasema.

"Ndiyo."

"Ulilia?"

"Sikuupa nafasi. Niliuona."

"Nilipoupinda mimi. Ulilia?"

"Ndiyo, Baba. Kidogo."

Alimwambia Sodnom atoke nje aangalie farasi wake. Sodnom akasema farasi wake ni mzima. Baba akasema, "Basi nenda ukafurahi naye." Akatoka.

Tulipobaki wawili hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Ungeniambia tukiwa peke yetu," na hapo sina la kujitetea. Nimekuwa naye peke yangu majira yote na sikumwambia. Nilisubiri hadi akavaa hariri. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu tukiwa wawili angesema ninanong'ona.

Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Sijui. Angalau tangu mwaka jana."

"Unajuaje mwaka jana?"

Kaka, nilikuwa na barua yako kifuani. Neno lako la "usimwambie" lilikuwa limenigusa ngozi. Na alikuwa amekaa mbele yangu na vile vipande viwili mapajani, ananiuliza swali lenye jibu moja. Nilimwambia. Mto, mawe, mshale wa babu, kidole gumba, kitambaa chenye mafuta machafu. Nilisema kwa sauti kubwa, nikipaza kila neno, maana nilijua nikilazimika kurudia sitaweza. Sodnom nje lazima alisikia yote. Basi na asikie.

"Mkono gani?" Baba akauliza.

"Wa kushoto."

"Unashika kitu?"

"Handa anasema haushiki birika."

Hakulia, kama unawaza hilo. Aliuliza kama Mama alijua, kisha akakumbuka kwamba Mama alikuwa ameshakufa, akaomba radhi, sijui kwangu au kwa Mama. Akasema, "Nilicheka wiki nzima." Akalisema tena. Halafu akatafuta kile kikopo kwa kupapasa, akakifunika kifuniko, akanipa. Nilikipokea kwa viganja viwili kwa sababu mikono yangu haikujua namna nyingine.

Nilitoka na zile podo nikamkuta Sodnom amekaa chini. Hakuwa na utani wowote. Akaniuliza, "Ule wangu wa nne?" Kumbe siku ile ya jibini alijua natafuta nini, akanyamaza kwa adabu. Tukaupinda pamoja. Ni mzima.

Nimemwambia, na kamati yake imekubali leo asubuhi, kwamba mimi sipaki rangi. Mtu akitaka kupiga mshale wa wazee wake ataukagua mwenyewe, mbele yangu, kwa mikono yake, na mimi nitamwonyesha namna. Watakaoona ni aibu wapige kwa mishale mipya. Wawili wameshasusa. Mzee wa ng'ambo ya mto amesema mabinti wa siku hizi wanapinda hata baba zao. Nimemwambia alete mishale yake.

Naandika haraka, dereva anapiga honi.

Jana jioni Baba hakula. Alikaa ameushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, anaukunja kidole kimoja kimoja. Hakusema anataka kwenda popote. Angekaa hivyo hadi naadam ipite, na wewe ungekaa huko na mabasi yako hadi azikwe, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa mbali, na mimi katikati nikibeba maneno, haya ya kusomwa, haya ya kutiwa jikoni. Nimechoka kuwa katikati, Kaka. Siwezi tena. Kwa hiyo sikumuuliza, na wewe sikukuuliza. Leo alfajiri nimemvalisha, nimemnywesha chai, nimemwambia, "Baba, unakwenda kwa Jigmed." Akasema, "Anajua?" Nikasema hapana. Akafikiri, akasema nimletee fimbo.

Nimempandisha lori la sufu, mbele, karibu na dereva. Barua hii naitia ndani ya joho lake, na nimemwambia akupe wewe tu. Kwa hiyo ukiisoma, yuko mlangoni kwako amesimama, haoni na hasikii vizuri, na anasubiri.

Usimnyooshee mkono wa kulia. Mpe wa kushoto.

Dolgor